Koni ya Mheshimiwa

Kama kulikuwa na kitu Mama Pacha alikidharau kuliko pindo lililoshonwa upogo, ni wanaume watatu wazima kukaa barazani kwake Jumapili nzima wakigonga mabati kwa kijiko.

Wa kwanza alikuwa mumewe mwenyewe, Baba Pacha, mtunza bohari wa kiwanda cha sabuni, mtu mpole mwenye vidole virefu na macho ya mtu anayesubiri kuitwa jina. Wa pili alikuwa kinyozi wa mtaa wa nyuma, ambaye hata akikupa pole ya msiba alikuwa akikuangalia kisogo. Wa tatu walimwita Mheshimiwa, kwa sababu aliwahi kugombea udiwani akashindwa vibaya, na tangu siku ile hakupata kuacha kuhutubia. Hawa watatu walijiita watengeneza magitaa. Mama Pacha alikuwa na jina lake la kuwaita, lakini hilo alilitumia jikoni tu, akiwa peke yake na masufuria.

Maana gitaa hawakuwa wametengeneza hata moja. Chumba cha pacha, ambao walishakua wakaenda kuishi maisha yao mbali, kilikuwa kimejaa makasha ya mbao yaliyopigwa msasa yakang'aa, yana shingo, yana vigingi vya kukazia nyuzi, na kila moja lina tundu kubwa la duara tumboni. Yaliegemezwa ukutani kama wagonjwa waliopasuliwa, kisha daktari akaenda kunywa chai. Ndani ya tundu lile ndimo ilimotakiwa kuingia koni. Koni yenyewe si kitu cha ajabu: ni bati jembamba lililobinuliwa likawa kama sahani yenye ncha katikati. Daraja la gitaa hukaa juu ya ncha ile, nyuzi zikitikisika bati nalo hutikisika, na sauti hutoka kubwa, kali, ya kupenya ukuta. Mama Pacha alielezwa mara moja akaelewa. Kilichomshinda kuelewa ni kwa nini jambo dogo hivyo lingekula miaka.

Lakini lilikula. Wenyewe walisema kuchagua koni ndiyo kazi, hayo mengine ni useremala. Walikuwa na kofia ya gurudumu la gari, spika ya redio iliyokufa, trei ya kuokea keki, sahani ya mizani ya duka lililofungwa. Kila Jumapili vitu hivi vilitolewa, vikafutwa vumbi, vikapangwa mkekani kama dawa za mganga. Kinyozi aliinua kimoja, akakigonga kwa kijiko, akafumba macho.

"Unasikia?"

"Nasikia," Baba Pacha alijibu.

"Ina joto."

Mheshimiwa alikubali kwamba ina joto, ila akaongeza kuwa haina kifua, na hapo ndipo hotuba ilipoanza. Mama Pacha, aliyekaa na cherehani yake upande wa pili wa dirisha, alisikia sahani ya mizani ikigongwa kwa kijiko. Joto hakulisikia, wala kifua. Alifyonya taratibu, akakanyaga pedali kwa nguvu ili asiendelee kusikia.

Zaidi ya vyote walikuwa na koni moja ya kweli, iliyotoka kiwandani, nchi ya mbali, ambayo Mheshimiwa aliiagiza kwa mtu aliyesafiri. Ilikuja ndani ya boksi, imelazwa kwenye pamba kama yai. Ilihifadhiwa juu ya kabati la Mama Pacha, si kwa Mheshimiwa, kwa kuwa Mheshimiwa aliogopa mkewe angeifunikia mboga. Hakuna aliyeruhusiwa kuigonga. Waliitoa mara chache, wakaitazama, wakaguna, wakairudisha.

Mama Pacha aliwapelekea chai, kwa kuwa alilelewa vizuri. Ila chai yenyewe aliipunguza sukari kila Jumapili kidogo, mpaka ikafika mahali haina sukari kabisa, akisubiri aone ni nani kati ya mabingwa hawa wa kusikia joto la bati atakayegundua. Hakugundua mtu. Waliinywa, wakashukuru, wakaendelea.

Kuna mtu mmoja tu aliyekuwa upande wake katika jambo hili, naye ni wifi yake, mdogo wake Baba Pacha, mwanamke aliyeishi karibu kiasi cha kutokea ghafla na mbali kiasi cha kubakia mpaka chakula cha mchana. Mama Pacha hakumpenda sana. Wifi alikuwa na ulimi usio na kituo, na kila alipoingia aligusa mapazia kana kwamba anayanunua. Lakini walipokaa jikoni wakamcheka Baba Pacha na mabati yake, walikuwa kama watu waliozaliwa tumbo moja.

Hata hivyo kulikuwa na kitu ambacho hakumwambia wifi. Zamani, kabla ya pacha, kabla ya bohari, Baba Pacha alipiga gitaa. Lilikuwa la kuazima. Alilipiga kwenye harusi ya jirani, na Mama Pacha, msichana wakati huo, alikuwa ameinama nyuma ya bibi harusi akishona mkono wa gauni uliofumuka, akajichoma sindano kwa kusikiliza. Kisha mwenye gitaa akalichukua gitaa lake, wao wakaoana, na maisha yakaendelea bila gitaa. Pacha walipoondoka, Baba Pacha akaja na mbao begani, akasema sasa atajitengenezea la kwake. Mama Pacha alifurahi mpaka akakifagia chumba kile kwa mkono wake. Furaha ile iliisha polepole, kama kipande cha sabuni kilichosahauliwa kwenye beseni, na mahali pake palipobaki wazi dharau ikaingia, ikajitandaza, ikaona pazuri.

Mambo yalichacha siku ya Jumamosi. Mama Pacha alikuwa amewaalika mafundi cherehani wenzake kwa chakula cha mchana. Aliteka maji, akabandika sufuria lake kubwa, lile la wageni, akatafuta kifuniko. Hakikuwepo rafuni. Hakikuwepo uani. Alikikuta chumba cha pacha, kimepondwapondwa kwa nyundo, katikati kimebinuka, pembeni kimetobolewa vitundu, kinafanana na kofia iliyokaliwa. Alikitazama muda mrefu. Kisha akarudi jikoni, akafunika sufuria kwa sinia, na sinia akaliwekea jiwe juu.

Wenzake walipouliza jiwe ni la nini aliwaambia, nao wakacheka mpaka wakafuta machozi. Alicheka nao. Kicheko chake kilimtoka vibaya, akakisikia mwenyewe, hakikumpendeza.

Jioni alimwekea mumewe kifuniko mezani, mahali pa sahani. Baba Pacha hakukana. Alisema alikuwa anapita tu jikoni, akakigonga kwa kucha, kikampa sauti ambayo hajapata kuisikia.

"Na sasa?" Mama Pacha aliuliza.

"Sasa imepotea. Nimekiponda kupita kiasi."

Alisema hivyo kwa masikitiko ya kweli, na masikitiko yake hayakuwa ya kifuniko cha mkewe, yalikuwa ya sauti. Mama Pacha akamtazama kuanzia utosini mpaka kwenye ndara. Alikuwa ameshaamua.

Jumatatu mumewe alipokwenda kazini, alizisogeza kando sare za shule alizotakiwa kuzimaliza, akaingia chumba cha pacha na kufunga mlango. Nia yake ilikuwa moja: amalize gitaa kwa siku moja, aliweke mezani Jumapili, wale watatu walione, wafe kwa aibu. Alichukua kasha baya kuliko yote, lenye ufa pembeni. Jinsi ya kufanya aliijua. Jumapili zote zile zilikuwa zimemwingia masikioni bila idhini yake. Alijua kile kipande cha mbao cha duara kinachokaa kwenye ncha ya koni na kubeba daraja, alijua nyuzi ziko droo gani, alijua skrubu fupi na ndefu. Mikono alikuwa nayo. Mtu aliyewahi kuunga zipu kwenye gauni la hariri hashindwi na kipande cha mbao. Koni alitumia ileile ya kifuniko chake, kwa ukaidi. Alizikaza nyuzi mpaka zikaacha kunesa, akizisikiliza moja dhidi ya nyingine, maana usichanani aliimba kwaya na sauti ya juu na ya chini alizijua. Mchana haujafika, gitaa lilikuwa limekamilika.

Alilipapasa kwa kidole gumba. Likatoa sauti ya nzi aliyefungiwa ndani ya kopo.

Alijiambia inatosha. Nani angejua tofauti? Si wale. Akatoka, akakaa kwenye cherehani, akashona kola moja, akasimama, akarudi. Hakuweza. Ilikuwa kama kumwacha mteja atoke mlangoni na uzi unaning'inia mgongoni. Alilifungua gitaa, akachunguza, akaona ukingo wa kifuniko haukai sawasawa ndani ya tundu, ndiyo maana unalia. Aliuzungushia kitambaa cha bitana. Nzi akafa, na sauti nayo ikafa pamoja naye. Akakitupa kifuniko pembeni, akaitia kofia ya gurudumu. Ilikuwa kama kugonga mlango wa benki. Akaitia spika ya redio, sauti ikatoka laini, ya mtu anayeongea na tonge mdomoni. Trei ya keki ilipiga kelele; alimkumbuka wifi yake mara moja. Sahani ya mizani, ile yenye joto, ilikuwa nzito mno, ikakaa kimya tumboni mwa gitaa kama jiwe.

Mchana ulipita, naye hakula. Kila alipoitoa moja na kuitia nyingine, dharau yake iliongezeka, lakini ikawa imebadilika sura. Asubuhi aliwadharau kwa kuhangaika na mabati. Sasa aliwadharau kwa sababu walikuwa wamehangaika na mabati miaka yote bila kutia hata moja ndani ya gitaa walisikie, wakatosheka na kijiko.

Mwisho akapanda juu ya kiti, akalishusha boksi la Mheshimiwa.

Aliitoa koni kwenye pamba. Ilikuwa nyepesi kama karatasi, mistari myembamba imezunguka toka ukingoni mpaka kwenye ncha. Ilikaa ndani ya tundu bila kusukumwa. Alizikaza nyuzi, akagusa mmoja, na sauti ikatoka safi na nene, ikajaza chumba, ikakaa hewani kabla ya kuondoka. Mama Pacha alibaki na kidole chake juu. Hakuna haja ya kuficha: ya kiwandani ilikuwa bora kuliko takataka zote za mkekani, na isingehitaji kinyozi kufumba macho ili kuijua. Ndipo hasira zilipompanda kweli. Kitu kama hiki, miaka yote, kimelala kwenye pamba juu ya kabati lake kama maiti ya mtoto wa mfalme.

Akaiacha koni humohumo ndani ya gitaa, na gitaa akalificha chini ya vitambaa vyake. Boksi tupu akalirudisha juu ya kabati.

Jumapili ilipofika aliweka gitaa juu ya meza ya barazani, na chai ya siku hiyo aliitia sukari ya kutosha, maana alitaka wakae. Baba Pacha alikuwa wa kwanza kuliona. Alisimama mlangoni, mkono umeshika kizingiti. Kinyozi alifika, akaliinamia na kulikagua kama anavyokagua kichwa kilichonyolewa na mtu mwingine, akakiri kwamba skrubu zimekaa kwenye mstari. Mheshimiwa aliingia akiwa katikati ya sentensi, na sentensi ikakatika.

"Nani ametoa koni yangu?"

"Mimi," Mama Pacha alisema.

Mheshimiwa alihutubia. Aligusia uaminifu, akagusia mali ya mtu, akagusia vifaa nyeti na mikono isiyo na mafunzo. Mama Pacha alimwacha amalize, amekunja mikono kifuani, kama anayesubiri mvua ipite. Kisha akasema gitaa limeisha, walipige.

Hakuna aliyesogea. Kinyozi alijifuta viganja kwenye suruali, akasema kwa bahati mbaya amekata kucha asubuhi hiyo. Mheshimiwa alieleza kwamba yeye tangu mwanzo alikuwa upande wa ushauri. Mama Pacha alihisi utamu ukimpanda toka tumboni. Walikuwa hawajui. Watu waliobishana juu ya joto na kifua, hakuna hata mmoja aliyejua kidole kinawekwa wapi. Alitamani wifi yake awepo aone.

Kisha wote wakamgeukia Baba Pacha.

Alilichukua. Namna alivyolishika, jinsi lilivyokaa pajani na kichwa chake kikainama upande, ilikuwa ileile ya harusini, na kwa kitambo kidogo Mama Pacha alihisi sindano kidoleni. Akaanza. Ulikuwa wimbo wa siku ile. Vidole vikaenda, vikakwama. Akarudi mwanzo, vikakwama palepale. Mara ya tatu alipita, lakini kwa kujikokota, kama mtu anayepanda ngazi na gunia. Na koni ya Mheshimiwa, kwa ubora wake, haikumsitiri. Kila kosa ililitoa zima, kubwa, safi, ikalitupa mpaka ua wa pili, ambako jirani aliyekuwa akianika nguo alisimama, akasikiliza, akaendelea kuanika.

Alipoacha, kinyozi alisema chai ni tamu leo. Wakaondoka mapema. Kabla ya kuondoka Mheshimiwa aliidai koni yake, na Mama Pacha aliifungua mwenyewe mbele ya macho yake, akailaza kwenye pamba, akamkabidhi boksi mkononi na kumwambia akafunikie mboga.

Baba Pacha alibaki kwenye kiti, gitaa pajani, tundu limerudi wazi.

"Ulitaka waone," alisema.

Mama Pacha alisema alitaka wamalize.

"Ulitaka waone." Hakupaza sauti. "Mimi nilijua, Mama Pacha. Vidole nilishavijaribu huko bohari, kwenye ubao, nikajua havipo tena. Lakini gitaa lilipokuwa halijaisha, nilikuwa mpiga gitaa asiye na gitaa. Sasa mimi ni nani?"

Mama Pacha alikuwa akikusanya vikombe. Angeweza kusema mambo mengi, na mengine yalimfika mpaka kwenye ulimi. Lakini alikuwa bado na kiburi cha mchana, akasema lile lililokuwa karibu.

"Mtunza bohari asiyejua kupiga gitaa. Wako wengi."

Aliona lilivyompata. Aliviingiza vikombe ndani, akaviosha, vilivyo safi akaviosha tena.

Baada ya hapo nyumba ilinyamaza. Baba Pacha alikwenda kazini, akarudi, akala, akashukuru kwa chakula, akalala. Jumapili iliyofuata hakuja mtu. Mama Pacha alijitandaza barazani kwake, akavuta kitambaa, akashona, akangoja raha imfike. Haikufika. Kilichomjia ni hasira juu ya mumewe: mtu gani huyu anayeona aibu ya kutojua, asione aibu ya kukaa miaka akijificha nyuma ya sahani ya mizani? Alimdharau kwa kupiga vibaya, kisha akagundua kwamba kwa hilo hakumdharau hata kidogo. Alimdharau kwa kuacha.

Jioni moja alirudi kutoka kwa mteja akakuta chumba cha pacha kimefagiliwa. Makasha, mabati, spika, vyote vimerundikwa nje ya mlango vikisubiri mnunua vyuma chakavu. Mama Pacha alilitoa kwenye rundo lile kasha lake lenye ufa, akalifunga kwa shuka, akalikumbatia kwapani na kuelekea barabarani. Mumewe akatoka, akamwuliza anakwenda wapi nalo. Alisema anakwenda kwa fundi masufuria kulitafutia koni, hawezi kulala na kitu kilichoachwa tumbo wazi.

"Huwezi kuchagua wewe," Baba Pacha alisema. "Utachagua kama unavyochagua zipu. Inayong'aa."

Lilikuwa neno la kwanza la dharau alilopata kumsikia mumewe akilitamka toka waoane, na Mama Pacha, kwa sababu asizozielewa mwenyewe, alilipokea kama mtu aliyepewa kiti. Alimwambia kama ni hivyo, aje na masikio yake.

Fundi masufuria alikuwa mtu mfupi aliyejaa vumbi la fedha mpaka kwenye nyusi. Kazi yake ilikuwa kubana duara la alumini kwenye mashine inayozunguka na kulisukuma kwa fimbo ndefu ya chuma, mpaka bati linakubali na kulala juu ya kalibu ya mbao. Alipoulizwa kama anaweza kutengeneza kitu kama hiki, alitazama tundu, akauliza ni cha kupikia nini. Mama Pacha alimjibu ni cha kupigia kelele. Fundi akachonga kalibu ya ncha, akawatengenezea koni tatu, ya bati nene, ya wastani na nyembamba, na wao wakasubiri wamekaa kwenye benchi, masufuria mapya yamewazunguka pande zote.

Wakabishana. Mama Pacha aliitaka nyembamba, kwa sababu alikumbuka wepesi wa ile ya kiwandani. Baba Pacha aliigonga kwa kucha mara moja tu, bila kufumba macho, akaiweka chini. Alisema hii bati lake ni laini, halina ukaidi wa lile la kiwandani, nyuzi zitaikandamiza ianguke. Mama Pacha alimwambia amepata kisingizio kipya cha kutomaliza. Mumewe alisema itiwe basi, ionekane.

Wakaitia palepale. Mama Pacha alikaza nyuzi, mmoja baada ya mwingine, na mwanzoni sauti ilikuwa nzuri hata fundi masufuria akazima mashine. Alipofika kwenye uzi wa mwisho, kitu kikatoa mlio mdogo wa kukata tamaa ndani ya tumbo la gitaa, daraja likazama, nyuzi zote zikalegea. Koni ilikuwa imebonyea kama kikombe cha plastiki kilichotiwa maji ya moto.

Kwa hiyo kuna kitu mumewe alikuwa anakijua. Jumapili zote zile, katikati ya upuuzi wote ule, kuna kitu kilikuwa kimemwingia na kubakia. Mama Pacha hakuomba radhi. Hakuwa na mazoea hayo, na isitoshe fundi masufuria alikuwa akitazama. Alimwambia fundi ailete ile ya wastani, na bisibisi akampa mumewe.

Ile ya wastani haikuwa nzuri kama ya Mheshimiwa. Ilikuwa na ukavu fulani, na uzi mmoja ulikuwa na kigugumizi kidogo. Lakini ilisimama. Mabati mengine mnunua vyuma chakavu aliyachukua kesho yake, nao hawakumzuia.

Tangu hapo, Baba Pacha alipiga kila alipotoka kazini, kabla ya kuvua viatu. Alipiga vibaya. Mama Pacha hakumdanganya hata siku moja. Akiwa kwenye cherehani alimwambia hapo umeruka, hapo umeburuta, uzi wa tatu umelegea, na mumewe alirudi nyuma na kuanza tena. Kinyozi alikuja Jumapili moja, kwa aibu, akaomba aonyeshwe mahali pa kuweka kidole. Walimwonyesha. Kucha zake zilikuwa ndefu. Mheshimiwa hawakumwona tena, ila walisikia kwamba ameanzisha kikundi kingine, cha wafugaji wa nyuki, na kwamba hakijapata nyuki.

Kisha akaja wifi. Alitokea saa zake zilezile za kutokea, akagusa mapazia, akakaa, akapewa chai. Kaka yake alikuwa chumbani akihangaika na ule wimbo, mahali palepale palipomkwamisha tangu mwanzo. Wifi alisikiliza kidogo, akacheka kile kicheko chao cha jikoni, akainama na kusema kwa sauti ya chini lakini ya kutosha kupita mlango, kwamba huyo mtu angebaki na vifuniko vyake vya sufuria, vilikuwa na nafuu, angalau vilinyamaza.

Chumbani, gitaa likakoma.

Mama Pacha alikuwa amesema makubwa kuliko hayo, na kwa miaka zaidi. Alikata uzi kwa meno, akageuza kitambaa, akamtazama wifi yake kuanzia kilemba mpaka kwenye viatu, kwa ukamilifu wote wa macho yale aliyozoea kuwatazamia wengine.

"Anajifunza," alisema. "Wewe mwaka huu umejifunza nini?"

Wifi alikunywa chai yake harakaharaka, akakumbuka ana mgeni nyumbani, akaondoka kabla ya chakula, jambo ambalo halijapata kutokea. Mama Pacha alimsindikiza mpaka getini kama inavyopasa, akarudi. Chumbani bado kulikuwa kimya.

Alisimama mlangoni. Baba Pacha alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda cha mmoja wa pacha, gitaa pajani, vidole vimekaa juu ya nyuzi bila kuzibonyeza.

Mama Pacha akamwambia aanze tena toka mwanzo, na safari hii asikimbilie pale pagumu kama anayefukuzwa na mbwa, kwa kuwa hakuna anayemfukuza. Kisha akaenda kumalizia mikono ya gauni la mteja.